MTOTO MSUMBUFU NA WANDUGU ZAKE: TUWAANGALIE WOTE

Somo la jamaa
Masomo ya Biblia ya kusoma nyumbani mbele ya mkutano: Mwanzo 37:1-11, Kutoka 2:1-8, Marko 9:14-27, Luka 15:25-32, Wakolosai 3:21



Katika masomo yaliyopita tulisema juu ya ndoa na juu ya kazi. Leo tunataka kusema juu ya watoto. Si watoto wote kwa jumla, bali yule mtoto ambaye kila nyumba inamjua: anayepiga wenzake, anayeiba sukari, anayekojoa kitandani na huku amekwisha kuwa mkubwa, anayenyamaza siku nzima, anayelia usiku, anayekimbia masomo. Na pamoja naye tunataka kusema juu ya wale wanaolala naye kitanda kimoja na kula naye bukari katika sahani moja, ni kusema kaka zake, dada zake na wadogo wake. Juu ya mtoto msumbufu watu wanasema sana. Juu ya wandugu zake hakuna anayesema kitu. Hata sisi hatukusema, na ndiyo sababu tunaandika somo hili.

1. TULIVYOKOSA SISI WENYEWE

Tuanze na kuungama. Miaka michache iliyopita jamaa moja ya parokia yetu ilituita kwa maombi. Papa alikuwa amepoteza kazi yake. Mama alikuwa akiuza makala mbele ya lupango. Katika nyumba mlikuwa watoto 5, na mmoja wao, kijana wa miaka 9, alikuwa mtoto wa dada ya mama. Dada huyo alikufa, na kijana aliletwa akiwa na miaka 6, na mfuko mmoja wa nguo.

Kijana huyu alikuwa anakojoa kitandani karibu kila usiku. Aliiba chakula na kukificha chini ya kitanda mpaka kinaoza. Mtu akimwita, hakuitika. Akiitwa mara ya tatu, alifika na hasira. Nkambo, mama ya papa, alikuwa anasema kwa sauti ya chini: “Tangu mtoto huyu aingie, kazi imepotea, na mtoto mchanga amekufa. Mjiulize vizuri.” Kila mtu alielewa neno ambalo hakulitaja.

Tulifika, tulivua viatu, tuliomba. Tulirudi mara nyingi, kwa miezi mitatu. Tulimweka kijana katikati, na kila mara tuliuliza habari zake yeye peke yake. Dada yake wa miaka 12 ndiye aliyetuletea viti. Tulimshukuru kwa viti, na tulimtuma maji.

Siku moja msichana huyu alianguka penye kisima. Aliacha kula. Alikataa kwenda masomo. Mama mmoja wa kikundi chetu alikaa naye nyuma ya nyumba, akamwuliza anaumwa fasi gani. Akajibu: “Siumwi. Kwa sababu siumwi, hakuna mtu ananiona.”

Ndipo tulipojua. Kila asubuhi, saa kumi na moja, mbele wengine hawajaamka, yeye ndiye alifua mashuka ya kijana, kusudi nkambo asiyaone. Yeye ndiye alisema uongo kwamba alikula sukari, kusudi kijana asipigwe. Yeye ndiye alibeba mdogo wa mwisho mgongoni. Na usiku alikuwa anaogopa kulala, kwa sababu alikuwa amesikia maneno ya nkambo, na hakujua kama wataamka na kumkuta kijana amefukuzwa.

Wandugu, tuliombea nyumba hiyo miezi mitatu, na tulipita karibu ya mtoto huyo kila mara bila kumwona. Mungu atusamehe. Somo hili ni tunda la aibu hiyo.

2. NYUMBA YA YAKOBO

Watu wengi wanafikiri Biblia inaonyesha jamaa za watakatifu zisizokuwa na fujo. Si hivyo. Fungua Mwanzo sura ya 37. Yosefu ana miaka 17. Anapeleka kwa papa yake habari mbaya za kaka zake. Papa anampenda kuliko wengine wote, na anamtengenezea kanzu ya pekee. Kaka zake wanamchukia, hata hawawezi kumsalimia kwa amani. Tunajua mwisho: wanamwuza kwa vipande 20 vya feza, na mzee Yakobo anakataa kufarijiwa.

Tunapohubiri juu ya sura hii, kwa kawaida tunawalaumu kaka zake, na ni haki. Lakini turudi nyuma kidogo, mpaka sura ya 35. Raheli, mama ya Yosefu, alikufa njiani katika kumzaa Benyamini. Basi Yosefu huyu anayechongea wengine na kusimulia ndoto zake za ukubwa ni mtoto aliyefiwa na mama. Na wale kaka wenye chuki ni watoto ambao walimwona mama yao Lea akipendwa kidogo kuliko Raheli. Kila mmoja katika nyumba hiyo alikuwa na kidonda chake. Yakobo mwenyewe alikulia katika nyumba ambamo papa alimpenda Esau na mama alimpenda yeye (Mwanzo 25:28). Kosa alilolipata kwa wazazi wake alilipeleka kwa watoto wake, kama mtu anavyorithi shamba.

Tunajifunza mambo mawili. Kwanza, mtoto msumbufu hazaliwi peke yake porini. Anatoka katika nyumba, na nyumba nzima ina sehemu yake. Pili, mzazi anayempenda mmoja mbele ya macho ya wengine hamsaidii hata yule anayempenda. Ile kanzu nzuri haikumlinda Yosefu. Ndiyo waliyoitia damu ya mbuzi.

Tuangalie vilevile Luka 15. Wote tunamjua mwana mpotevu. Lakini kuna mwana wa pili, aliyebaki nyumbani, aliyefanya kazi, ambaye hakusumbua mtu. Siku ya karamu anasimama inje na hasira, naye hajui namna ya kuingia. Papa anafanya nini? Anatoka inje kwa huyu pia. Papa yule alitoka mara mbili siku ile: mara moja kwa mtoto aliyeharibu mali, mara ya pili kwa mtoto aliyenyamaza. Wazazi wengi wa parokia zetu wanatoka mara ya kwanza tu.

3. NYUMBA YA NABII

Wengine watasema: “Katika nyumba ya mtu wa Mungu mambo haya hayafiki.” Tukumbuke historia yetu. Papa Simon Kimbangu alianza kazi yake Nkamba tarehe 6 Aprili 1921. Katika mwezi wa Septemba mwaka ule ule alifungwa. Mwezi wa Oktoba, kule Thysville, alihukumiwa kufa, na hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Aliletwa huku Elisabethville, ni kusema Lubumbashi yetu ya leo, na akafia katika kifungo tarehe 12 Oktoba 1951, nyuma ya miaka 30.

Mama Mwilu Marie alibaki na wana watatu. Kisolokele alizaliwa 1914, Dialungana 1916, Diangienda 1918. Hesabu mwenyewe: papa yao alipochukuliwa na askari, mmoja alikuwa na miaka 7, wa pili miaka 5, wa tatu miaka 3. Na hawakukaa wote pamoja. Mkubwa alipelekwa mbali, kwenye masomo ya wakoloni kule Boma. Mtoto wa miaka 7 anaelewa nini anapoona papa yake amefungwa kamba? Mtoto wa miaka 3 anauliza nini usiku?

Ingekuwa rahisi kwa watu wa wakati ule kusema kwamba watoto hao wana mkosi. Lakini Mama Mwilu aliendelea kuchunga imani kwa siri wakati ilikatazwa, na wana hao watatu, ambao ukoloni uliwatenga na papa yao, walikuja kusimama pamoja katika kazi moja. Kanisa lilipata ruhusa ya serikali tarehe 24 Desemba 1959. Papa Diangienda aliliongoza mpaka 1992, na nyuma yake Papa Dialungana mpaka 2001. Mtoto aliyepata huzuni mapema hakuhukumiwa kupotea. Lakini anapashwa kupata mtu wa kumshika mkono.

4. MTOTO ANASEMA KWA MATENDO

Mtu mzima akiwa na huzuni anasema: “Nina huzuni.” Mtoto hana neno hilo. Anasema kwa mwili wake na kwa matendo yake. Tunapashwa kujifunza luga hiyo.

Mtoto mdogo, wa miaka 2 mpaka 5, anashikilia nguo ya mama, anarudi kunyonya kidole, anaanza tena kukojoa kitandani wakati alikuwa ameacha. Mara nyingi hivi vinafika kisha kuzaliwa kwa mdogo wake, ao kisha kuhama, ao kisha kilio. Kukojoa kitandani mbele ya miaka 5 si ugonjwa hata kidogo. Hata nyuma ya hapo watoto wengi wanaendelea, na wengi wanaacha wenyewe. Fimbo haikaushi kitanda. Inaongeza woga, na woga unaongeza mkojo.

Mtoto wa masomo, wa miaka 6 mpaka 12, anasema tumbo linauma kila asubuhi, na munganga haoni ugonjwa. Anapigana. Anaota ndoto mbaya. Anaiba na kuficha chakula, zaidi sana ikiwa alikaa na njaa zamani. Kwa sababu ambaye amelala njaa haamini kwamba kesho kutakuwa bukari. Daraja zake masomoni zinaanguka.

Kijana wa miaka 13 na zaidi anafunga mlango, anajibu kwa ukali, anatafuta marafiki wa barabarani, ao anasema hana faida ya kuishi. Neno hili la mwisho msilichukue kama mchezo hata siku moja.

Watoto waliokimbia vita, wale wa Kivu na Ituri waliotufikia pamoja na jamaa zao, wanaweza kuonyesha ishara hizi zote pamoja. Wanashituka mlango ukifungwa kwa nguvu. Wanacheza mchezo wa kuua na kuzika. Si watoto wabaya. Ni watoto walioona mabaya.

5. WANDUGU ZAKE WANAONYAMAZA

Tunafika kwenye kiini cha somo. Nyumba ikiwa na mtoto mgonjwa ao msumbufu, nguvu zote za wazazi zinaenda kwake. Franka zinaenda kwake, maombi yanaenda kwake, hata hasira inaenda kwake. Wengine wanafanya nini? Tumeona njia nne.

Wa kwanza anakuwa mzazi mdogo. Anafua, anapika, anaficha makosa ya mwenzake, hasumbui mtu. Tunamsifu sana katika Kanisa: “Mtoto mwema!” Lakini anachoka, na hana ruhusa ya kuchoka. Huyu ndiye msichana wa kisima.

Wa pili anaanza kusumbua yeye pia. Ameona kwamba katika nyumba hii anayevunja sahani ndiye anayeangaliwa. Basi anavunja sahani.

Wa tatu anaona haya. Hataki kutembea na ndugu yake mwenye kifafa, haleti rafiki nyumbani, anasema masomoni kwamba hana kaka. Halafu usiku anajihukumu kwa sababu ya haya hiyo.

Wa nne anaogopa. Anafikiri ugonjwa wa ndugu yake utamwingia, ao kwamba yeye ndiye aliyeuleta, kwa sababu siku moja katika hasira alimwambia: “Kufa!” Watoto wanaamini maneno yao yana nguvu hizo. Anapashwa kuambiwa waziwazi: si wewe.

Kumbukeni dada ya Musa katika Kutoka 2. Mtoto amewekwa katika kikapu mtoni, na dada yake anasimama mbali kuona litakalofika. Mama yake yuko nyumbani, papa hatajwi. Msichana huyu amesimama peke yake kati ya majani. Musa aliokoka, na sisi wote tunaimba juu ya Musa. Tujiulize kama kuna mtu alimwuliza dada yake jioni ile: “Na wewe, ulikuwa na woga?”

6. NENO AMBALO HATUPASHWI KUSEMA

Nkambo yule alikuwa karibu kusema neno: mlozi. Wengine wanasema ndoki. Tunalisema wazi hapa, kwa sababu watoto wengi wanaolala katika barabara za miji yetu mikubwa, Kinshasa, Mbujimayi, Lubumbashi, walitoka katika nyumba zao kwa sababu ya neno hilo. Wengine walifungwa, walinyimwa chakula, waliunguzwa ao kumiminiwa maji ya pilipili machoni, na waliofanya hayo walisema wanamtumikia Mungu.

Angalieni ni mtoto wa namna gani anayetajwa. Ni yatima. Ni mtoto wa ndoa ya kwanza. Ni mwenye kifafa, mwenye kilema, mwenye kukojoa kitandani, mwenye kusema usiku katika usingizi, mwenye akili nyingi sana ao kidogo sana. Ni mara chache anatajwa yule ambaye papa na mama yake wako hai na wana nguvu. Je, hiyo ni kazi ya Roho Mtakatifu, ao ni kazi ya umasikini unaotafuta mtu wa kumtupia mzigo?

Katika mwaka wa 1921 watu walipofika Nkamba, walitupa nkisi zao barabarani. Walitupa sanamu na dawa za ulozi. Hawakutupa watoto. Anayesema anapigana na ulozi kwa kumtupa mtoto amerudi kuziokota zile nkisi.

Sheria ya inchi yetu nayo inasema. Katiba ya mwaka wa 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumtupa mtoto, kumtesa, na kumshitaki kwa ulozi. Sheria ya ulinzi wa mtoto, namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, inaweka kifungo cha gereza kwa anayemshitaki mtoto hivyo. Mchungaji ao mwombaji yeyote anayetaja mtoto kuwa mlozi anavunja Amri ya Mungu na amri ya serikali kwa pamoja.

Na wandugu wa mtoto anayetajwa? Wanasikia. Wanaambiwa wasile naye. Wanajifunza kwamba katika nyumba hii mtoto anaweza kufukuzwa, na kila mmoja anajiuliza: “Nitakuwa wa pili?” Neno moja linawajeruhi wote.

7. TUFANYE NINI? UPENDO, AMRI, KAZI

Tunayo maneno matatu tuliyopewa. Tuyaingize ndani ya nyumba.

UPENDO. Upendo kwa mtoto ni wakati. Kila mtoto apate muda wake na papa ao mama, wawili peke yao, hata dakika 15: kwenda soko pamoja, kuchambua sombe pamoja. Usimwulize masomo wala makosa, msikilize tu. Usiwalinganishe kamwe. “Kwa nini hauko kama dada yako?” ni neno linalowapoteza wawili: mmoja anavunjika, na mwingine anachukiwa bure. Paulo anawaonya wababa katika Wakolosai 3:21 wasiwachokoze watoto mpaka wakate tamaa. Neno hilo ni kwa wababa, si kwa watoto.

AMRI. Kupenda si kuacha. Mzee Eli hakuwazuia wana wake, na nyumba yake ilianguka (1 Samweli 3:13). Mtoto anayepiga wenzake anapashwa kuzuiwa kila mara, na wazazi wote wawili wanapashwa kusema neno moja. Amri ziwe chache, zijulikane, na ziwe sawasawa kwa wote. Azabu iwe ya kurekebisha: aliyemwaga apanguse, aliyevunja asaidie kutengeneza, aliyeiba arudishe na kuomba musamaha. Na msisahau kumsifu siku anapofanya vema. Mtoto anayesikia jina lake katika lawama tu, mwisho halisikii tena.

KAZI. Mpeni mtoto kazi inayomfaa, ambayo anaweza kuimaliza na kuonekana. Mwondoleeni yule mzazi mdogo kazi isiyokuwa yake. Msichana wa miaka 12 anaweza kusaidia. Hawezi kuwa mama ya wanne. Na watoto wote wawili, msumbufu na mnyamavu, wapate fasi katika kundi la filimbi ao katika kwaya. Huko wanajifunza kungoja zamu yao na kusikiliza mwenzao.

8. MAOMBI NA MUNGANGA

Katika Marko 9 papa mmoja alimleta kijana anayeanguka chini na kutoka povu. Mbele ya kumponya, Bwana Yesu alimwuliza papa: imekuwa tangu wakati gani? Bwana aliyejua yote aliuliza swali. Sisi tusiojua tunakimbia kutoa jibu. Na katika Yohana 9, wanafunzi walipotaka kujua ni nani aliyekosa hata mtu azaliwe kipofu, yeye au wazazi wake, Bwana alikataa swali lenyewe.

Basi, tuombe, na tuulize. Mtoto asiyeitika, je, anasikia vizuri? Usaha wa sikio ukikaa muda mrefu unaweza kupunguza kusikia. Asiyesoma vizuri, je, anaona ubao? Aliyebadilika gafula, je, alikuwa na malaria iliyopanda kichwani? Malaria hiyo inaweza kuacha alama katika mwenendo. Anayeanguka kifafa ana ugonjwa wa ubongo. Haumpati mwingine kwa mate wala kwa kula pamoja. Kuna dawa za kila siku zinazosaidia wengi, na hazipashwi kukatwa gafula bila munganga. Akianguka, mlaze kwa ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, usitie kitu katika kinywa chake.

Mtoto aliyebadilika gafula, anayeogopa mtu fulani, anayesikia maumivu katika sehemu za siri, anaweza kuwa ameharibiwa na mtu mzima, pengine wa jamaa. Msifiche kwa ajili ya heshima ya ukoo. Apelekwe hospitali upesi, mbele ya masaa 72, kwa sababu dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI haifai nyuma ya hapo. Na msiwasahau wandugu zake: mtu huyo alikuwa anaingia katika nyumba yao pia.

Maombi na munganga hawapigani. Tunapeleka mtoto na tunaomba njiani.

9. YULE KIJANA NA DADA YAKE

Wengi watauliza mwisho wa habari ile. Kijana alipelekwa kituo cha afya. Walikuta sikio lake la kushoto lina usaha wa muda mrefu, na alikuwa anasikia kidogo sana upande ule. Ile “kiburi” tuliyoiombea miezi mitatu ilikuwa sikio. Alipata dawa. Mama alianza kumpa kila jioni kipande cha mkate wake mwenyewe, akiweke fasi anayotaka. Nyuma ya miezi michache chakula hakikuoza tena chini ya kitanda. Kitanda kilichukua zaidi ya mwaka kukauka, na kuna usiku fulani kinarudi. Sasa yuko katika kundi la filimbi, na mwalimu anamsimamisha upande ambao sikio lake zuri linaelekea wenzake.

Papa ndiye anayefua mashuka. Majirani walimcheka mwanzoni. Msichana alipoteza mwaka mmoja wa masomo, na hatukuweza kumrudishia. Amerudi masomoni, na kila siku ya posho yeye na mama yake wanaenda soko peke yao. Nkambo hajabadilika kabisa, lakini halisemi tena lile neno. Tunaendelea kumtembelea, naye pia, kwa sababu yeye ndiye aliyemzika mjukuu wake mchanga, na hata yeye hatukumwuliza.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA JAMAA

1. Katika nyumba yetu, ni mtoto gani anayetajwa mara nyingi? Ni nani ambaye jina lake halikutajwa juma hili?
2. Kuna mtoto anayefanya kazi ya mzazi? Ni kazi gani tunaweza kumwondolea kuanzia kesho?
3. Tumewahi kulinganisha watoto wetu mbele yao? Tuwaombe musamaha, wazazi wa kwanza.
4. Kuna mtoto yatima ao mgeni kati yetu? Anakula sahani moja na wengine?
5. Ni mtoto gani tunayepashwa kumpeleka kwa munganga na bado tumekawia?

TUOMBE

Ee Mungu Baba, uliyewaona watoto watatu wa Nkamba wasio na papa, uwaone na wetu. Utupe macho ya kumwona anayelia kwa fujo na anayelia kwa kunyamaza. Uondoe katika vinywa vyetu neno linalofukuza. Uwabariki mama na papa waliochoka, na nkambo walio na vidonda vya zamani. Kwa jina la Bwana wetu Yesu Kristo. Amina.